Mwandiko wa Bibi Wolthuis

Jina la Edzo Wolthuis halikuwamo. Hilje aliisoma orodha mara mbili, kwanza haraka, kisha kwa kidole, akiwa amesimama katikati ya wanaume watano mbele ya ubao wa halmashauri ya mji wa Westerzijl, kikapu cha samaki mkononi. Wolters mwoka mikate alikuwemo. Wubbens muuza farasi, ambaye hakuna aliyemwona akiwa hajalewa tangu Krismasi, alikuwemo. Kati ya hao wawili palipaswa kuwa na mumewe, mbunge wa jimbo lile kwa miaka kumi na miwili, mtu aliyekuwa akisimama Bungeni huko Den Haag mwaka baada ya mwaka kuwadaia kura wachimba mifereji na wafua chuma. Palikuwa na karatasi nyeupe tu.

"Unamtafuta nani, Bibi Wolthuis?" aliuliza karani mmoja aliyekuwa amesimama hapo mikono mfukoni. "Wanawake bado hatujawaandika."

Wenzake wakacheka puani.

"Naangalia kama na wewe umo," Hilje alisema. "Naona siku hizi wanachukua yeyote."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka karani, na Hilje akapata nafasi ya kuondoka akiwa ameinua kichwa. Alivuka uwanja wa soko, akapita daraja, na alipofika upande wa pili wa mfereji ambako hakuna aliyemwona akaweka kikapu chini, akashika ukuta. Alijua kosa ni la nani. Lilikuwa lake.

Miaka ile mwanamume hakupiga kura kwa sababu ni mtu. Alipiga kura kwa sababu ya kodi. Westerzijl kiwango kilikuwa gulden thelathini na mbili kwa mwaka, na hizo zilipatikana kwa kuhesabiwa nyumba na vilivyomo: thamani ya pango, milango na madirisha, samani, meko ya kuotea moto, mtumishi wa ndani. Fomu ya kodi ya nyumba yao aliijaza Hilje kila mwaka, maana Edzo angeweza kukueleza bajeti ya jeshi la majini bila kusoma mahali, lakini hakujua nyumba yake ina madirisha mangapi. Na mwaka uliopita Hilje alikuwa amefanya jambo la busara. Wakulima wakubwa walikuwa wameacha kumletea mumewe, aliyekuwa pia mwanasheria, kesi tangu alipoanza kusema habari za kura za vibarua, na vibarua wenyewe walimlipa kwa mayai. Basi akamruhusu mtumishi wao, Trientje, aende kufanya kazi kwa binamu yake aliyekuwa na duka, akamwita fundi, akaziba kwa matofali meko mawili, la chumba cha wageni na la chumba cha kusomea. Kodi ikashuka. Alijisifu moyoni kwa mwaka mzima. Sasa, akiwa ameshika ukuta wa mtu, alikumbuka jumla aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya ile fomu: thelathini na moja na senti arobaini.

*

Edzo alifika Jumamosi kwa treni ya mchana, koti limejaa makombo, mkoba umejaa makaratasi. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na minane, mwenye mabega ya kuinama kama watu wanaogonga vichwa milangoni. Hilje alimngoja anywe supu ya njegere hadi nusu ya bakuli. Alikuwa amepanga maneno, ila yalipotoka yalitoka mafupi.

"Edzo, humo kwenye orodha."

"Orodha gani?"

"Ya wapiga kura. Imebandikwa tangu Jumanne."

"Wamekosea. Nitampitia meya Jumatatu."

"Hawakukosea. Mimi ndiye." Akamweleza yote, meko, Trientje, fomu, zile senti zilizopungua. Hakulia, kwa kuwa alikwisha kulia Jumanne.

Edzo aliweka kijiko chini. "Uliziba jiko la chumba changu cha kusomea?"

"Mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Mbona sikuona?"

"Uliona. Ulisema jikoni kuna harufu nzuri ya kahawa, ukahamishia vitabu vyako hapa."

Akainuka. Hilje alimsikia akitembea hadi chumba cha kusomea, kisha akasikia vidole vikigonga ukuta, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyetaka kufungua. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekopa."

Lilikuwa kweli. Alikaa akaitazama supu yake ikipoa, na Hilje akamwonea huruma na akajichukia kwa pamoja. Uchaguzi ulikuwa Juni. Mpinzani wake, Menolt Ritzema, alikuwa na ng'ombe mia na ishirini, binamu katika kila kijiji, na gazeti zima la mkoa nyuma yake. Jambo hili lingeingia kwenye gazeti hilo kabla ya wiki kwisha.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi, akaingia Tonko, kaka yake Hilje, mfanyabiashara wa nafaka, na harufu ya sigara ikaingia kabla yake. Tonko alikuwa na moyo mzuri na hakuwa na aibu hata chembe, na mambo hayo mawili yalikuwa yamemtajirisha.

"Msinitazame hivyo, nimekuja na dawa," alisema, akivuta kiti. "Shemeji, wewe unauza chapati."

"Nauza nini?"

"Chapati za maziwa. Leseni yake ni gulden mbili kwa mwaka, na leseni ni kodi. Rafiki yangu wa ofisi ya kodi atakuandikia ya mwaka jana, tarehe ya mwaka jana, mhuri wa mwaka jana. Pingamizi zinapokelewa hadi mwisho wa Aprili. Unarudi kwenye orodha kabla Ritzema hajamaliza kucheka."

"Sijawahi kuuza chapati."

"Na mwalimu wa muziki hajawahi kuuza majeneza, lakini leseni anayo na kura anapiga. Unadhani ile orodha imejaa watu gani? Wewe peke yako katika mji huu ndiye unayeiheshimu."

"Edzo, ichukue," Hilje alisema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyoomba. "Tafadhali. Nitazikaanga kweli, nitaziuza dirishani, hakutakuwa na uongo."

"Mwaka huu hapatakuwa na uongo. Ule wa mwaka jana tutaufanyaje?" Edzo alijifuta masharubu. Hakusema kwa ukali. "Miaka kumi na miwili nimesimama Bungeni nikisema akili ya mtu haikai kwenye bomba la moshi. Leo bomba langu limezibwa, nikimbie kulifungua kwa mhuri wa bandia? Tonko, ningekuwa nimewaambia nini wale watu miaka yote hiyo?"

"Ungekuwa umewaambia uongo mdogo, kama wengine," alisema Tonko. "Na ungekuwa na kura."

"Kwani asiye na kura anaweza kuchaguliwa?" aliuliza Hilje.

"Anaweza. Sheria haikatazi. Sidhani waliwahi kufikiri atatokea mpumbavu wa kutaka." Kwa mara ya kwanza tangu aingie Edzo alitabasamu kidogo. "Nitagombea bila kura yangu."

Hilje akasimama, akaanza kukusanya bakuli kwa kelele. "Ni rahisi kwako kuwa safi. Wewe utakuwa Den Haag. Mimi ndiye nitakayekwenda sokoni na kuulizwa kama nimeziba na tundu za panya."

"Watanicheka mimi."

"Watatucheka sote, ila mimi watanicheka kila siku."

Tonko alimtazama mmoja kisha mwingine, akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni alisema kwamba katika maisha yake ameuza shayiri yenye wadudu kwa watu wa kila aina, lakini hajui namna ya kumsaidia mtu wa aina hii.

*

Gazeti lilimwita Mheshimiwa Asiye na Moshi. Sokoni mke wa mchinja nyama alimuuliza Hilje kwa upole mwingi kama siku hizi wanakula vyakula baridi. Kwenye ukuta wa nyumba yao mtu alichora kwa chaki bomba lenye msalaba juu yake, na Hilje alilisugua asubuhi kwa brashi na maji ya sabuni, majirani wakipita na kumsalimia kana kwamba anaosha kitu cha kawaida. Hakumwandikia Edzo habari hiyo. Alikuwa na hasira naye, hasira ya haki kabisa, na alipopiga magoti pale ukutani alimwambia mambo mengi ambayo hakuyasikia.

Mwezi wa Mei ukafanyika mkutano wa wagombea katika ukumbi wa nyumba ya wageni. Wanawake hawakukaa ukumbini. Wake wa waheshimiwa walikaa katika jiko la nyumba ile, wakila biskuti, mlango ukiwa wazi kiasi cha mkono, wakijifanya hawasikilizi. Ritzema alizungumza vizuri, habari za bei ya siagi na ushuru wa daraja. Kisha, kwa adabu, akageuka.

"Ningependa kumuuliza mgombea mwenzangu jambo moja dogo. Siku ya uchaguzi, nyumbani kwake, ni nani atakayempigia kura?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Jikoni biskuti ya Hilje ilivunjika mkononi.

"Hakuna," ilisema sauti ya Edzo, na kicheko kikapungua, maana walitaka kusikia. "Nitawaeleza, kwa kuwa mmeelezwa nusu. Nina meko mawili yaliyozibwa. Sina mtumishi. Kodi yangu iko senti sitini chini ya kiwango, na kwa senti hizo sitini dola inaona kwamba tangu mwaka jana nimekuwa mjinga. Labda ni kweli. Lakini Bwana Ritzema, wewe unao vibarua kumi na wanane pale shambani. Wote ni wajinga kuliko mimi kwa kiasi gani? Nani humzalisha ng'ombe wako usiku, wewe au wao?"

"Na hayo meko alikuzibia nani?" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Bibi?"

Hilje aliinamisha kichwa. Sasa, alifikiri. Sasa ataniumbua mbele ya watu.

"Aliyeziba ni yule anayejua hesabu nyumbani kwetu," alisema Edzo. "Alipunguza gharama bila kukopa senti kwa mtu yeyote. Serikali nzima imeshindwa kufanya hivyo tangu nilipoingia Bungeni. Kama kura ingetolewa kwa akili, karatasi ingeletwa kwa jina lake."

Wakacheka tena, lakini kwa namna nyingine, na mtu mmoja akapiga meza kwa ngumi kwa furaha. Wake wa waheshimiwa walimgeukia Hilje, wakitabasamu, kama watu wanaomwona kwa mara ya kwanza. Yeye hakutabasamu. Alijua mumewe alisema kwa utani ili kumwokoa, na alimpenda kwa hilo. Lakini utani ule ulimwingia akauweka, na hakuweza kuutoa tena.

*

Karatasi za kura zililetwa majumbani wiki moja kabla ya siku yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa: mjumbe wa halmashauri, Harm, mwenye kofia yenye nembo ya shaba na mguu wa kuchechemea, alipita nyumba kwa nyumba akigawa, na mwenye kura aliandika jina kwake mezani, akaikunja, akaipeleka kwenye sanduku siku ya uchaguzi. Hilje alikuwa akifagia mlangoni Harm alipotokea kwenye kona. Kwa Wolters aligonga. Nyumba iliyofuata aligonga. Alipofika kwao aliinua kofia, akatazama viatu vyake vya mbao, akapita.

"Samahani, Bibi," alisema alipokwisha kupita.

"Wewe hukuandika sheria, Harm."

Edzo alikuwa dirishani na aliona. Akarudi mezani, na kwa saa nzima ukurasa wake haukugeuzwa.

Siku ya tatu Popko mchinja nyama alikuja kwa mlango wa nyuma. Huyu ndiye mume wa yule mama wa vyakula baridi, mtu mnene mwenye mikono kama mapaja ya nguruwe, na alikuwa amevaa koti la kanisani katikati ya wiki. Alivua kofia, akaitoa karatasi ya kura ndani yake, akaiweka mezani mbele ya Edzo.

"Mimi na kalamu hatupatani," alisema. "Namba naandika, jina langu naandika. Zaidi ya hapo ni kama kuku amepita. Na maandishi mabaya wanaitupa."

"Miaka iliyopita nani alikuandikia?"

"Karani wa mwanasheria mwingine wa hapa mjini. Kila mara namwambia jina, anaandika jingine au hilohilo, nitajuaje? Nakunja, napeleka." Akajikuna shingo. "Mke wangu anasema mtu aliyesimama mbele ya ukumbi akasema hana moshi, huyo hawezi kuniandikia uongo. Basi niandikie."

Edzo alitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Hilje alimjua, aliona jinsi mkono wake ulivyotaka kwenda na jinsi alivyouzuia.

"Siwezi, Popko. Siwezi kuandika jina langu kwenye kura ya mtu mwingine. Na sipaswi kujua unamtaka nani." Akainuka, akachukua kofia yake. "Mke wangu ana mwandiko mzuri kuliko wa waziri. Mimi naenda kutembea kando ya mfereji."

Akatoka kweli, akafunga mlango nyuma yake. Popko akabaki akimtazama Hilje, na Hilje akaitazama karatasi. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Miaka kumi na miwili ilikuwa ikiingia nyumbani kwake, na hakuwahi kuigusa.

"Jina gani?" aliuliza.

"Si la mumeo?"

"Mimi sijui. Useme mwenyewe."

"Wolthuis," alisema Popko, akawa mwekundu. Hilje aliandika polepole, herufi kubwa, akapuliza wino ukauke. Kisha akamgeuzia aone, akamwonyesha kwa kidole herufi moja baada ya nyingine hadi aliporidhika kwamba ni hilo.

Kesho yake walikuja wawili, siku iliyofuata wanne. Wolters mwoka mikate, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Seremala mwenye kidonda mkononi. Nahodha wa mashua ya mboji aliyejua kusoma lakini aliona haya mbele ya karani. Kila mmoja alipobisha hodi Edzo alichukua kofia yake akaenda mferejini, hata mvua iliponyesha, na siku ile ya watu wanne alirudi mara nne akiwa amelowa. Hilje alikuwa akimpa taulo na kumwambia kwamba atakufa kwa mafua kabla hajachaguliwa. Hasira yake yote ilikuwa imekwisha, hakujua ni lini.

Jumatatu mchana, siku moja kabla ya uchaguzi, alikuja mzee Luppo. Alikuwa na miaka sabini na minne, ekari thelathini za malisho, na hakuna herufi hata moja aliyoijua. Aliketi bila kukaribishwa, akakubali kahawa, akangoja Edzo aondoke.

"Ritzema," alisema.

Hilje alishika kalamu bila kuichovya. "Umesema?"

"Menolt Ritzema. Usiniangalie hivyo, binti. Mumeo ni mtu mwema. Lakini anataka kumpa kura kibarua wangu, na kibarua wangu ni mpumbavu, namjua tangu anyonye."

"Na kwa nini umekuja hapa, mzee? Karani wa mwanasheria angekuandikia hilo kwa furaha."

"Karani nilimwambia Wolthuis miaka sita iliyopita, nilipokuwa bado namtaka, akaandika analolitaka yeye. Mwenyewe alijisifu kilabuni." Luppo akanywa kahawa kwa sauti. "Hapa nimeambiwa mtu anaandikiwa anachosema."

Akasukuma karatasi. Macho yake yalikuwa meupe pembeni, yakamtazama bila wasiwasi wowote. Wolthuis au Ritzema, kwa macho yale, yote yalikuwa mikwaruzo ya wino. Alikuwa amemnyang'anya mumewe kura moja kwa meko mawili, na hapa Mungu alikuwa akimrudishia nyingine juu ya meza yake mwenyewe, mkononi mwake, bila shahidi. Aliwaza chaki ukutani. Aliwaza Edzo akigonga matofali kwa vidole. Kalamu akaichovya, akaikung'uta, akaichovya tena.

"Wino umegoma?" aliuliza mzee.

"Haujagoma," alisema Hilje, akaandika.

*

Kura zilisomwa kwa sauti Jumatano katika ukumbi wa halmashauri. Edzo alikwenda, Tonko alikwenda. Hilje alibaki akimenya viazi vingi kuliko watakavyoweza kula. Aliisikia kelele ya furaha kutoka ng'ambo ya mfereji, ila kelele haisemi ni ya nani. Edzo alipoingia alining'iniza koti, akalinyoosha mabegani, ndipo akageuka.

"Mia nane na kumi na mbili," alisema. "Ritzema mia nane na kumi na nne."

Hilje alikaa. Kwanza alifanya hesabu moja, akaona kwamba hata kama Edzo angekuwa na karatasi yake, angeshindwa bado kwa moja, meko hayakumwangusha. Alipata nafuu kwa pumzi moja. Kisha hesabu ya pili ikaja yenyewe.

"Mbili," alisema. "Na zingelingana?"

"Uchaguzi ungerudiwa baada ya wiki mbili. Na vijiji vya kusini, ambako wengi hawakujitokeza kwa ajili ya mvua, safari hii wangekuja." Akajaribu kucheka. "Tonko anasema ningeuza chapati."

"Edzo, kaa."

Akakaa.

"Kuna mtu alikuja hapa na karatasi yake. Hajui kusoma. Akasema niandike Ritzema, nikaandika Ritzema." Aliongea akiitazama bakuli ya viazi. "Ningeandika jina lako asingejua. Moja kwake ingepungua, moja kwako ingeongezeka. Zingelingana. Nilijua kwamba ningeweza. Nilikaa na kalamu nikijua."

Nje mashua ilipita, na wimbi lake likagonga ukuta wa mfereji.

"Ni nani?" aliuliza Edzo.

"Siwezi kukuambia."

"Hilje, uchaguzi umekwisha. Mimi si mtoto, sitamfuata mtu na fimbo."

"Siwezi kukuambia," alisema tena. "Ni kura yake."

Miaka mingi Edzo alikuwa akidai Bungeni kwamba kura iwe siri ya mwenyewe, hata mbele ya bwana wake, hata mbele ya mchungaji wake. Sasa uso wake, uliokuwa umejikaza tangu alipoingia mlangoni, ulilegea taratibu, na Hilje aliona kwamba macho yake yamejaa machozi.

"Uliandika vizuri?" aliuliza.

"Vizuri kuliko zote zenye jina lako. Niliogopa wasije wakaitupa."

Edzo akacheka. Alicheka hadi akashika meza, na machozi yakaingia kwenye masharubu, na Hilje naye akaanza, kwa hofu kwanza. Walipotulia yeye aliushika mkono wa mkewe, uliokuwa na wanga wa viazi na doa la wino ambalo halikuwa limetoka kwa siku tatu, akaugeuza kama mtu anayesoma.

"Watanichagua tena au hawatanichagua," alisema. "Nitarudi kijiji kwa kijiji, nina muda sasa. Lakini sikiliza. Miaka kumi na miwili nimewaombea kura wafua chuma, wachimba mifereji, mabaharia, watu nisiowajua hata majina. Hotuba thelathini na kitu. Wewe sikukuombea hata mara moja."

"Najua, Edzo," alisema Hilje. "Hotuba zote nilizinakili mimi."